Mashine zilizotikisa dunia zikaipita Gitega

MUYINGA. Mwaka 2012 mji wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, ulipata maktaba yake ya kwanza. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa ni la vigae, na kazi ilifanywa na wasanifu wa BC Architects wa Ubelgiji wakishirikiana na wenyeji, ikiwa sehemu ya mpango wa shule itakayopokea watoto viziwi pamoja na wenzao wanaosikia. Lakini aliyewahi kuona picha za jengo hilo hakumbuki sana rafu za vitabu. Anakumbuka wavu. Ni wavu mkubwa wa kamba za katani, ulitundikwa juu ndani ya jengo ili watoto wapande humo wasome, walale, wacheze. Mtoto mmoja akijigeuza huku, mwenzake wa kule anainuka. Ukurasa unapotea, kicheko kinaanza.

Ni kiti kinachotembea bila kwenda popote. Hakihitaji umeme wala sarafu. Na kiti cha namna hiyo, ingawa cha chuma, injini na taa nyingi, ndicho watu wazima wa Tokyo, London na Chicago wanachokikumbuka leo kwa uchungu ule ambao hapa kwetu tunauweka kwenye muziki wa zilipendwa.

Wanazozikumbuka ni mashine za michezo zilizokuwa zikiutikisa mwili wa mchezaji. Si zile za kusimama mbele ya kioo na kubonyeza vitufe tu. Hizi ulizikalia. Ulipanda pikipiki ya plastiki ukalala nayo kwenye kona, au ukajifunga mkanda ndani ya chumba cha rubani kikakuinamisha mbele, kikakurudisha nyuma, na ulipoteremka magoti hayakuwa yako.

Kampuni ya Sega ya Japani ndiyo iliyozipa jina kubwa. Mwaka 1985 ilitoa Hang-On, mchezo wa mbio za pikipiki uliobuniwa na kundi la kijana aitwaye Yu Suzuki. Katika toleo lake kubwa, mchezaji hakushika usukani wa mezani. Alipanda pikipiki nzima na kuilaza kwa uzito wa mwili wake. Mwaka huohuo ikaja Space Harrier, miongoni mwa mashine za kwanza ambazo kiti chake kilisukumwa na mota. Mwaka 1986 ikafuata Out Run, gari jekundu lisilo na paa, na mwaka 1987 After Burner, ndege ya kivita. Kilele kilikuwa R360 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990: tufe la chuma lililomgeuza mtu kichwa chini miguu juu kufuatana na ndege iliyokuwa kwenye kioo. Mashine hiyo haikuachiwa mchezaji peke yake. Alisimama mhudumu pembeni, mikanda ikakaguliwa, mifuko ikaamriwa imwagwe, na palikuwa na kitufe cha kusimamisha kila kitu endapo aliye ndani angezidiwa.

Hata jinsi mashine hizi zilivyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo siri ya kumbukumbu zenyewe. Ndani ya sikio la binadamu mna mirija mitatu yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapozunguka. Kando yake mna vijiwe vidogo mno vilivyokaa juu ya utando laini. Gari linapoondoka kwa kasi, vijiwe hivyo hubaki nyuma kidogo na ubongo hupata habari kwamba unasukumwa mbele. Shida ya vijiwe hivyo ni kwamba haviwezi kutofautisha kusukumwa mbele na kulazwa chali, kwa kuwa mvutano wa ardhi huvivuta kwa namna ileile.

Basi fundi akakitumia kipofu hicho. Akakiinamisha kiti nyuma polepole, mirija isishtuke, huku kioo kikionyesha barabara inayokimbia. Macho yakasema tunakwenda, sikio likasema tunakwenda, na mwili ukaamini kwamba unaondoka kwa kasi ya gari la mashindano wakati umekaa chumbani. Mtu aliyedanganywa hivyo akiwa na miaka 12 hasahau. Anaweza kusahau jina la mchezo, lakini mgongo wake unakumbuka.

Udanganyifu huo haukuanzia Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza vinanda vya hewa huko Binghamton, New York, alitaka kujifunza urubani lakini masomo yalikuwa ghali. Akachukua mivukuto ya vinanda, akaiweka chini ya sanduku lenye umbo la ndege ndogo yenye mabawa mafupi, na kwa kuijaza na kuipunguza hewa sanduku likapinda, likainama, likageuka. Mvukuto ule ni ndugu wa ule ambao wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu walipulizia mkaa wa kuyeyushia chuma kwa karne nyingi.

Marubani hawakumchukulia Link kwa uzito. Wanunuzi wake wengi wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, waliotoza watu fedha ili watikiswe. Jeshi la Marekani lilikuja kumtambua mwaka 1934, baada ya kukabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na kupoteza marubani wengi ndani ya wiki chache kwa sababu hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutazama vipimo peke yake wakati wa ukungu na usiku. Liliagiza mitambo 6. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, zaidi ya 10,000 ilikuwa imetengenezwa.

Hivyo mashine ya kutikisa watu ilizaliwa ikiwa na kazi mbili mkononi, kuburudisha na kuokoa maisha, na mara nyingi haikujua ipi ni ipi.

GITEGA. Mji huu wa vilima vya katikati ya nchi ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu Bunge lilipoidhinisha sheria hiyo Januari 2019. Mtu wa hapa aliye na miaka 40 leo alikuwa mtoto katika miaka ileile mashine za Sega zilipotamba. Akiambiwa azikumbuke, atakumbuka nini?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna la kukumbuka. Kama yupo mkazi wa Gitega au Muyinga aliyewahi kukalia mashine ya namna hiyo, uwezekano mkubwa ni kwamba aliikalia ugenini: Nairobi, Brussels, au Dubai alikofuata bidhaa. Ndani ya nchi, mambo mawili yaliifungia njia.

La kwanza ni historia, nayo haipendezi kuisimulia. Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia, aliuawa, na Burundi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Julai 25, 1996 Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi. Siku sita baadaye, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara.

Linganisha na mahali pengine. Septemba 1996, mwezi wa pili wa vikwazo hivyo, Sega ilifungua katikati ya London jumba la SegaWorld, ghorofa baada ya ghorofa za mashine za kutikisika. Mwezi huohuo malori yaliyokuwa yakitoka Dar es Salaam kupitia Kobero hadi Muyinga yalikuwa na ruhusa ya mizigo michache tu, huku petroli ikiwa kitu cha kutafutwa gizani. Vikwazo viliondolewa Januari 1999. Mwaka huohuo waendeshaji wa jumba la London walishaona kwamba hesabu hazilingani, Sega ikajitoa na jumba likabadilishwa jina.

Kwa maneno mengine, dirisha lilifunguka na kufungwa wakati Burundi imefungiwa nje, na waliofunga mlango walikuwa majirani. Jambo hili halisemwi mara nyingi katika mikutano ya mtangamano. Vikwazo vile hupimwa kwa siasa, je, vilimsukuma Buyoya mezani au la, na katika mazungumzo ya Arusha huenda vilichangia. Hakuna anayevipima kwa vitu vidogo vya utotoni ambavyo havikuvuka mpaka. Burundi ilikuja kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na leo kituo cha pamoja cha mpakani Kobero na Kabanga kinapitisha makontena. Kontena la mashine za Hang-On lingepita bila shida. Ila hakuna anayezitengeneza tena.

La pili ni la kawaida zaidi: mashine zile zilikula umeme na sarafu. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi duniani waliounganishwa na umeme, takriban mtu 1 kati ya 10, na hata mjini umeme una desturi zake. Kuhusu sarafu, faranga ya Burundi ni fedha ya noti. Mashine iliyojengwa kumeza sarafu ya yeni 100 ingekaa Gitega na njaa yake hadi ioze, labda mwenye nayo angetafuta fundi wa kuikata tundu na kuweka vipande vya bati.

Lakini jibu la haraka si jibu lote. Ukimwuliza mtu wa rika hilo si kuhusu mashine bali kuhusu mwili, swali linageuka. Je, ulikaa wapi ukasikia moyo umebaki nyuma?

Hapo orodha inakuwa ndefu. Kulikuwa na baiskeli za mti, magurudumu ya mbao yaliyochongwa kwa panga na kupakwa mafuta ili yasilie, ambazo watoto wa Burundi na Rwanda waliteremka nazo vilimani, breki ikiwa ni kisigino au kipande cha mpira wa tairi. Upande wa pili wa Ziwa Kivu na milima, Goma, ndugu yake mkubwa aitwaye chukudu hubeba viazi na mkaa hadi leo, na mji umemjengea sanamu. Kulikuwa na magari ya waya, yenye usukani mrefu wa fimbo unaofika kifuani, ambayo dereva wake hukimbia nyuma akitoa sauti ya injini kwa mdomo, akibadilisha gia kwa koo, na kwenye kilima akipunguza mwendo kwa sababu gari limejaa mzigo. Huyo alikuwa anaigiza mwendo kwa ukamilifu kuliko Out Run. Kifaa chake hakikumtikisa. Alijitikisa mwenyewe.

Kulikuwa pia na mpira wa mezani, ule ambao Warundi kwa Kifaransa huita babyfoot: meza ya mbao, vyuma vinavyopita katikati, wachezaji wa mbao waliopakwa rangi za timu mbili. Huu haukuhitaji umeme. Meza moja ilichukua wachezaji 4 na watazamaji wengi kadiri ya ukubwa wa kibaraza. Mchezaji hodari hakuusukuma mpira kwa vidole, alitumia bega na kiuno, na meza ilisogea sakafuni kwa kishindo cha bao. Kisha kikaja kile kigemu cha mkononi cha betri, chenye kioo cha rangi ya kijivu na matofali yanayoanguka, ambacho boksi lake lilidai kina michezo 9999 wakati ukweli ni kwamba ilikuwa michezo michache iliyobadilishwa mwendo. Afrika Mashariki nzima ilikijua. Kilikuwa kitu cha kwanza cha gemu kufika vijijini kwa sababu kilihitaji betri mbili tu. Na ndicho kilichoanza kumfundisha mtoto kukaa kimya na kuinamisha shingo.

Kulikuwa, na bado kuna, mteremko wenyewe. Anayetoka Gitega kwenda Bujumbura hupanda hadi Bugarama, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha barabara inaporomoka kwa kona hadi ziwani. Barabara hiyo ni maarufu kwa waendesha baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, wakiyapita magari, kisha wakati wa kurudi hushika nyuma ya malori kwa mkono mmoja ili wavutwe hadi juu. Wageni hupiga picha. Wenyeji wanajua nani hakufika.

Huko kunavutwa kitu kilekile ambacho Sega ilikiuza: mwili ulioegemea kona, tumbo lililobaki nyuma, macho yanayotafuta inchi mbili za lami. Tofauti ni kitufe cha kusimamisha. Mchezaji wa R360 alikuwa na mhudumu aliyemtazama. Mwenye baiskeli wa Bugarama ana dereva wa lori ambaye huenda hata hajui kuna mtu nyuma yake, na kinachomweka pale si burudani, ni bei ya ndizi sokoni. Edwin Link aligundua kwamba mtu anaweza kujifunza kuanguka bila kuanguka. Somo hilo halijawafikia vijana hawa, nao ndio wangelihitaji.

Mtu asije akadhani kwamba Gitega na Muyinga za leo hazina gemu. Zipo, kama zilivyo Kigoma, Bukavu na Kisumu. Chumba kimoja, runinga mbili au tatu, mabenchi, pazia la kuzuia jua lisiguse kioo, na vijana wanaolipia mechi ya mpira wa PlayStation. Kifaa hicho kilitoka Japani Desemba 1994, na toleo lake la pili, la mwaka 2000, liliuzwa zaidi ya vifaa milioni 150 duniani. Ndicho kilichoua mashine za kutikisika. Baba wa Tokyo aliyekuwa akimpeleka mwanawe kwenye jumba la michezo alimnunulia kifaa cha nyumbani, na jumba likabaki na mhudumu na taa zake. Kwa Burundi kilifanya kinyume: kilileta gemu mahali ambapo jumba halikuwahi kuwapo. Vifaa vilivyochokwa kwingine vilipata maisha ya pili kwenye vibanda vya mitaani, vikiwa na feni ya kukaangia mayai na pedi zilizofungwa gundi.

Ndani ya pedi hiyo kuna masalia ya mashine kubwa. Tangu 1997 pedi nyingi za PlayStation zina mota mbili ndogo zinazotetema mkononi, kwa mfano gari linapogonga ukuta. Hicho ndicho kilichobaki cha Hang-On: mtetemo wa viganja viwili. Na katika vibanda vingi hata huo umekufa, kwa sababu pedi ya kufanana inayouzwa kwa bei ya chini haina mota, au mwenye kibanda amezima mtetemo ili pedi idumu.

Halafu umeme ukikatika mechi ikiwa dakika ya 80, wote hutoka nje. Jenereta ipo, lakini jenereta inataka petroli, na petroli Burundi imekuwa ya kupanga foleni kwa miaka kadhaa sasa. Vijana husimama barazani wakibishana nani angeshinda. Aliyekuwa nyuma kwa bao hudai mechi irudiwe. Mwenye kibanda hudai fedha yake.

Kwa miji mikubwa ya ukanda huu hadithi ni nyingine kidogo. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali zina maduka makubwa yenye kona za watoto, na ndani yake vigari vya kutikisika vinavyoimba, wajukuu wa yule farasi wa chuma aliyebuniwa na Mmarekani James Otto Hahs mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadhi zina viti vya kuvalia miwani ya kufunika macho, kiti kikiinama mtu anapoona anaanguka kwenye korongo. Mzazi wa Muyinga akivuka Kobero na kusafiri hadi Dar es Salaam anaweza kumnunulia mwanawe dakika tatu za kuanguka. Kwa safari ya mamia ya kilomita za milima, makorongo na malori yanayopita kwenye kona, huyo mtoto amekwishapata kipimo chake bure.

Swali linalobaki ni la utunzaji, na hapa Gitega ina la kusema kuliko inavyodhaniwa.

Wapenzi wa mashine za zamani wamefanya kazi kubwa. Tangu 1997 kuna programu iitwayo MAME inayowezesha kompyuta ya kawaida kuendesha maelfu ya michezo ya majumbani, kwa kunakili kilichokuwa ndani ya saketi zake. Hang-On inachezeka leo kwenye kompyuta ya mkononi katika mtaa wowote wenye umeme. Kila picha ipo, kila sauti ipo. Kitu kimoja hakipo. Kiti. Kunakili mota, mkanda, uzito wa plastiki na sakafu iliyotikisika ni kazi ya karakana, na vipuri vyake havitengenezwi. Sega yenyewe iliuza sehemu kubwa ya kampuni yake ya majumba ya michezo ya Japani mwaka 2020, na mwaka 2022 ikamaliza kuiuza, jina lake likaanza kubanduliwa kwenye milango. Mashine za R360 zilizobaki zinahesabika. Mchezo umehifadhiwa, kilichoufanya ukumbukwe kimetupwa kwenye vyuma chakavu.

Gitega inajua tofauti hiyo kwa macho. Mjini kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ambako vitu vya ufalme vimewekwa: vyombo, mikuki, vikapu, ngoma. Vimetulia. Kilomita chache nje ya mji, kwenye kilima cha Gishora, kuna patakatifu pa ngoma, ambako ngoma haziwekwi kwenye kioo. Huko ngoma huingia uwanjani zikiwa juu ya vichwa vya wapigaji, zikipigwa huku zikitembea, na anayepiga hurukaruka hadi magoti yafike kifuani. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi usioshikika, maana yake kilichoandikwa si mti na ngozi, ni mwendo. Ngoma iliyopasuka huchongwa nyingine kutoka mti ule ule. Mpigaji aliyezeeka huwa na mtoto pembeni aliyekwisha kushika mapigo.

Mwaka 2017 amri ya rais iliweka sheria kwamba ngoma hizo zipigwe na wanaume peke yao na kwa hafla zilizoidhinishwa. Wanawake waliokuwa wamezipiga kwa miaka wakaachwa nje. Kwa hiyo hata utunzaji wa mwendo una mlango na bawabu wake, na si kila mwili unaruhusiwa kukumbuka. Lakini somo la Gishora kwa wenye mashine zao liko palepale: kitu cha kutembea hutunzwa kwa kutembezwa.

Magari ya waya hayana Gishora. Baiskeli za mti za vilima vya Gitega na Karusi hazina orodha ya UNESCO. Ni shida kupata, katika mji wowote wa Jumuiya, chumba cha makumbusho kilichotengwa kwa ajili ya vitu watoto walivyojiundia katika miaka ya 1990, wakati wa vita, kambini na mitaani, ingawa huenda hakuna kizazi kilichobuni sana kuliko kile. Maelfu ya watoto hao walikulia upande wa pili wa mpaka, katika kambi kama Lukole wilayani Ngara na Mtabila mkoani Kigoma, na gari la waya lilivuka nao bila hati ya forodha, likafundishwa kwa wengine, likarudi limebadilika usukani. Kama kuna kitu kilichotangamana katika ukanda huu kabla ya mkataba kutiwa saini, ni hicho.

Wenye kujua kulipinda waya ule sasa wana miaka 40 na kitu. Wengi wana simu, na watoto wao wana simu. Fundi wa Muyinga anayeweza kuchonga gurudumu la mti likae sawa bila kuyumba hahitaji mfadhili kulichonga tena, anahitaji mtu wa kumwomba. Makumbusho ya Gitega yangeweza kuagiza baiskeli 10 za mti kwa fedha ambayo haitoshi kununua runinga moja, yakaziweka uani, si kwenye kioo, na kilima kipo nje ya geti.

Pale maktaba ya Muyinga nako kuna jambo la kufuatilia. Kamba ya katani ina adui wawili, unyevu na miguu ya watoto. Wavu wa namna ile hauwezi kukaa miaka mingi bila kufumuliwa na kufungwa upya, fundo kwa fundo. Katani hulimwa Tanga na Morogoro, na huota hata kwenye kingo za mashamba ya Burundi. Kusokota kamba ni kazi ambayo bibi yeyote wa kijijini huifanya akiwa anazungumza jambo jingine kabisa.